Tofauti iko chini ya kitufe: sayansi ya kompyuta au uhandisi wa kompyuta?

Chukua kitufe cha kawaida cha kubonyeza, kiunganishe na chipu ndogo, kisha andika programu ya mistari kumi ya kuhesabu umebonyeza mara ngapi. Bonyeza mara moja. Kwenye skrini inatokea 4. Bonyeza tena, inakuwa 7. Unairudia programu mstari kwa mstari na huoni kosa, kwa sababu programu haina kosa. Ndani ya kitufe mna vipande viwili vya chuma, na vinapogongana havitulii papo hapo. Vinarukaruka kwa milisekunde kadhaa kabla ya kushikana. Kwa kidole chako hilo ni tukio moja. Kwa chipu inayotekeleza amri mamilioni kwa sekunde, kila mruko ni bonyezo jipya.

Mwanafunzi wa uhandisi wa kompyuta hukutana na kitufe hiki mapema, maabara. Anaweka osiloskopu, kifaa kinachochora umeme unavyobadilika, anaiona volti ikipanda na kushuka kama meno ya msumeno kabla ya kunyooka, kisha anaamua: ama aongeze rezista na kapasita, vijenzi viwili vidogo vya umeme, ili mitetemo imezwe njiani, ama aiambie programu isubiri milisekunde 20 hivi kabla ya kuamini ilichokiona. Kila njia ina bei yake. Rezista na kapasita zinakula nafasi kwenye bodi, kusubiri kunakula muda, na kuzipima bei hizo ndiyo kazi yake yenyewe.

Mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta anaweza kuhitimu bila kukisikia kisa hiki, wala hajapungukiwa. Herufi inapomfikia kutoka kwenye kibodi imeshasafishwa na wengine. Yeye anapewa majina milioni moja yaliyochanganyika na kuambiwa ayapange kwa alfabeti. Akitumia njia inayomjia mtu yeyote kwanza, ya kulinganisha kila jina na mengine yote, atalinganisha mara bilioni 500 hivi. Akiligawa rundo nusu kwa nusu, akaipanga kila nusu kwa mtindo huohuo, kisha akaziunganisha, atalinganisha mara milioni 20 hivi. Kwenye mashine inayoweza kulinganisha mara milioni 100 kwa sekunde, njia ya kwanza inachukua saa moja na dakika 20 na zaidi. Ya pili inachukua moja ya tano ya sekunde. Mashine ni ileile. Halafu mwalimu anauliza swali ambalo kwangu ndilo moyo wa fani hii: je, ipo njia bora kuliko hiyo? Mwanafunzi anajifunza kuthibitisha, kwa kalamu na karatasi, kwamba njia yoyote inayotegemea kulinganisha majina mawilimawili haiwezi, katika hali mbaya kabisa, kushuka chini ya mara milioni 18 na nusu hivi. Hapo hata chipu ya ajabu namna gani haipunguzi kitu. Huo ni mpaka wa tatizo lenyewe.

Nimeanza na mifano hii miwili kwa sababu maelezo yanayozunguka mitaani, kwamba mmoja anasoma programu na mwingine anasoma vifaa, yamewapoteza vijana wengi. Mhandisi wa kompyuta anaandika programu kila siku. Mwanasayansi wa kompyuta naye kwa kawaida ana walau somo moja la lazima kuhusu prosesa, chipu kuu ya kompyuta, inavyofanya kazi. Kinachowatenganisha ni sakafu wanayosimamia. Sakafu ya sayansi ya kompyuta ni biti: sifuri na moja zipo tayari, za kuaminika, na kutoka hapo mtu anapanda kwenda kwenye algoriti (utaratibu wa hatua kwa hatua wa kutatua tatizo), lugha za programu, mifumo endeshi, hifadhidata na akili mnemba. Uhandisi wa kompyuta unaibomoa sakafu hiyo na kushuka, kwa sababu katika waya hakuna sifuri wala moja. Kuna volti zinazopanda na kushuka, joto, kelele za umeme na muda. Ni mhandisi anayekubaliana na wenzake kwamba kiwango fulani kitahesabiwa moja na kingine sifuri, kisha anahakikisha makubaliano hayo yanashika hata chipu inapochemka.

Mizizi yenyewe ni miwili. Mwaka 1936, kabla hakujawa na kompyuta ya kielektroniki, mwanahisabati Mwingereza Alan Turing alithibitisha kwamba yapo maswali ambayo hakuna utaratibu wa hesabu unaoweza kuyajibu. Lililo maarufu zaidi leo tunaliuliza hivi: ukipewa programu yoyote ile, unaweza kujua kama itafika mwisho au itazunguka milele? Hakuna programu inayoweza kulijibu swali hilo kwa programu zote, na haitakuwepo. Mwaka uliofuata, Claude Shannon, mwanafunzi wa uzamili huko MIT, chuo kikuu cha Marekani, aliyekuwa na umri wa miaka 21, alionyesha kwamba swichi za umeme zinaweza kufuata aljebra ya mantiki ambayo mwanahisabati George Boole alikuwa ameieleza kwa ukamilifu mwaka 1854. Weka swichi mbili katika njia moja, moja baada ya nyingine, na taa haiwaki mpaka zote zifungwe: hiyo ni "na". Ziweke katika njia mbili sambamba, na taa itawaka ukifunga yoyote kati yake: hiyo ni "au". Kutoka kwenye hayo mawili pamoja na "siyo" unaweza kujenga mashine ya kujumlisha, na kutoka hapo prosesa nzima.

Vyuo vikuu viliirithi mizizi hiyo kila kimoja kwa namna yake. Cambridge ilianzisha stashahada ya uchambuzi wa namba na ukokotoaji mwaka 1953. Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, kilifungua idara ya sayansi ya kompyuta mwaka 1962, ndani ya kitengo cha sayansi za hisabati. Kwingineko kompyuta ilizaliwa katika idara ya uhandisi wa umeme, na mwaka 1971 kozi ya uhandisi wa kompyuta ya Chuo Kikuu cha Case Western Reserve ikawa ya kwanza ya aina hiyo kupata ithibati, yaani kutambuliwa rasmi kuwa inatimiza viwango, nchini Marekani. Kwa hiyo ukikuta vyuo viwili vinafundisha karibu mambo yaleyale chini ya majina tofauti, au mambo tofauti chini ya jina moja, chanzo mara nyingi ni hicho: nani aliifungua idara, miongo mingi iliyopita, na alitoka upande gani.

Ndiyo maana nasema jina la shahada ni shahidi dhaifu. Huko Imperial College London, shahada inayoitwa kwa ufupi "Computing" kimsingi ni sayansi ya kompyuta, lakini anayehitimu hupewa cheti chenye neno uhandisi. Ujerumani fani hiyo inaitwa Informatik, na neno kompyuta halimo kabisa. Kule Berkeley, chuo kikuu cha California, kwa miaka mingi mwanafunzi aliweza kusoma masomo yaleyale ya sayansi ya kompyuta, kwa walimu walewale, kupitia milango miwili: chuo cha uhandisi, ambako alitakiwa kubeba fizikia na masomo ya uhandisi, au chuo cha fasihi na sayansi, ambako alibeba masomo ya jamii na lugha. Vyeti vikatoka na majina mawili tofauti.

Vyama vya kimataifa vya wataalamu wa kompyuta na uhandisi wa umeme, ACM na IEEE, ambavyo huandaa miongozo ya mitaala inayotumiwa na vyuo vingi duniani, katika ripoti yao ya mwaka 2005 viliitaja familia yenye shahada tano: uhandisi wa kompyuta, sayansi ya kompyuta, mifumo ya taarifa, teknolojia ya habari na uhandisi wa programu. Ripoti ya mwaka 2020 ikaongeza usalama wa mtandao na sayansi ya data. Tatu kati ya zile tano za mwanzo nitazipitia haraka. Mifumo ya taarifa inakaa karibu na biashara na uongozi: shirika linahitaji taarifa gani, na nani azione. Teknolojia ya habari inahusu kuisimika mitambo na kuifanya isilale. Uhandisi wa programu, neno lililovuma baada ya mkutano wa mwaka 1968 mjini Garmisch, Ujerumani, unahusu namna watu wengi wanavyojenga programu kubwa kwa miaka mingi bila kubomoleana kazi. Ukiona moyo wako uko katika mojawapo ya hizo, usijilazimishe kuchagua kati ya mbili ninazozieleza hapa.

Sasa fungua mtaala. Ruka mwaka wa kwanza, maana huo unafanana kila mahali: kalkulasi, utangulizi wa programu, labda fizikia. Nenda mwaka wa pili na wa tatu, usome masomo ya lazima peke yake. Masomo ya hiari hayaaminiki, kwa kuwa chuo kinaweza kuorodhesha thelathini na kufundisha sita. Ukikuta nadharia ya saketi, elektroniki, ishara na mifumo, usanifu wa saketi za kidijitali, maikrokontrola (kompyuta ndogo ndani ya chipu moja) na maabara za saa tatu kila wiki, uko kwenye uhandisi wa kompyuta hata kama juu pameandikwa kingine. Ukikuta miundo ya data, uchambuzi wa algoriti, nadharia ya ukokotoaji, lugha za programu na kompaila (programu inayozigeuza lugha hizo kuwa amri za mashine), uko kwenye sayansi ya kompyuta. Ukikuta nusu kwa nusu, angalia mradi wa mwisho. Omba kuona majina ya miradi ya wanafunzi waliohitimu miaka ya karibuni. Hapo chuo kinasema ukweli wake, kwa kuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hufanya kile anachoweza kufanya.

Angalia pia idara inakaa wapi. Idara iliyo ndani ya kitivo cha uhandisi itakupa michoro ya uhandisi, kanuni za usalama na mafunzo kazini, upende usipende. Ile iliyo ndani ya kitivo cha sayansi itakupa hisabati ya ziada.

Na hisabati ndiyo mahali ambapo watu wengi hujidanganya. Nimeongea na vijana waliochagua sayansi ya kompyuta kwa sababu hawakupenda hesabu, wakidhani hesabu zinakaa kwenye uhandisi. Zipo kote, ila sura zake ni tofauti. Katika uhandisi wa kompyuta utaishi na vitu vinavyobadilika mfululizo: chaji inavyojaa kwenye kapasita, namba changamano, ishara inavyochambuliwa kuwa mawimbi ya kasi mbalimbali. Mara nyingi jibu ni namba, na unaweza kulipima maabara. Katika sayansi ya kompyuta utaishi na vitu vinavyohesabika kimoja kimoja: seti, mantiki, mitandao ya nukta na mistari, uwezekano. Mara nyingi jibu ni hoja. Unaambiwa uthibitishe kwamba algoriti inatoa jibu sahihi kwa kila orodha iwezekanayo, na kujaribu orodha elfu moja zikakubali hakukupi alama hata moja. Mtu aliyekuwa hodari wa kukokotoa shuleni anaweza kushtuka hapo kwa muhula mzima. Mwingine aliyechoshwa na kanuni za kukariri anaweza, kwa mara ya kwanza maishani, kuipenda hisabati. Nimewaona wote wawili.

Upo uwanja wa katikati ambao unastahili kutazamwa polepole, kwa kuwa ndiko ninakoona fani hizi mbili zikihitajiana kuliko mahali pengine: kompyuta zilizofichwa ndani ya vifaa. Breki za gari, pampu ya dawa hospitalini, setilaiti, mita ya umeme. Kati ya mwaka 1985 na 1987, mashine ya tiba ya mionzi iitwayo Therac-25 iliwapa wagonjwa sita nchini Marekani na Kanada kipimo cha mionzi kikubwa kupita kiasi. Baadhi yao walikufa kwa majeraha hayo. Katika ajali mojawapo, mtumishi alikosea kuchagua aina ya mionzi, akarudi na kusahihisha kwa haraka. Sumaku za mashine zilihitaji sekunde 8 hivi kujipanga, na yeye aliwahi kusahihisha kabla hazijatimia. Skrini ikaonyesha chaguo jipya huku sehemu nyingine ya mashine ikibaki na la zamani. Sehemu mbili za programu zilikuwa zinakimbizana, na iliyofika kwanza ndiyo iliyoamua.

Linaloumiza zaidi ni hili. Kasoro ya aina hiyo ilikuwemo pia katika programu ya Therac-20, mashine iliyotangulia, na haikumuumiza mtu, kwa sababu mashine ile ilikuwa na vizuizi vya umeme na vya chuma vinavyokata mionzi mambo yasipolingana. Katika Therac-25 vizuizi hivyo viliondolewa na kazi yao ikaachiwa programu. Mtu wa sayansi ya kompyuta anaitambua kasoro ile kwa jina, "race condition" kwa Kiingereza, na anajua namna ya kuithibitisha kwa hoja. Mtu wa uhandisi wa kompyuta anauliza swali lingine: programu ikikosea, ni kitu gani cha chuma kitakachomkinga mgonjwa? Kifaa kinachogusa mwili wa mtu kinahitaji maswali yote mawili yaulizwe. Ukihisi damu inakuchemka kwa kisa hiki, uko karibu na uhandisi wa kompyuta kuliko unavyodhani, ila hakikisha umebeba masomo ya mifumo endeshi na ya programu zinazokwenda sambamba, hata kama mtaala wako unayaita ya hiari.

Kuhusu ajira nitasema ninavyoona. Kwa kazi ya kuandika programu za kawaida, za tovuti, za simu, za benki, waajiri wengi hawatofautishi shahada hizi mbili; wanakupa jaribio na kuangalia kazi zako. Tofauti inajitokeza pembezoni. Usanifu wa chipu, roboti, vifaa vya tiba na mawasiliano ya redio vinamtaka mtu aliyeshika osiloskopu. Kompaila, utafiti wa algoriti, mifumo mikubwa inayotawanyika kwenye maelfu ya mashine na nadharia ya usimbaji fiche vinamtaka mtu aliyezoea kuthibitisha. Na kuna kutolingana ambako ni vizuri mtu akujue mapema: ni rahisi zaidi kutoka uhandisi wa kompyuta kwenda kwenye programu kuliko kurudi upande wa pili. Algoriti unaweza kujifunza usiku kwa kitabu na kompyuta ya mkononi. Elektroniki inadai maabara, vifaa, na mtu wa kukuonyesha kwa nini saketi yako inafanya kazi unapoishika na kugoma unapoiacha. Hiyo si sababu tosha ya kuchagua uhandisi. Mtu anayeichukia fizikia atateseka miaka minne ili kuulinda mlango ambao hataupita kamwe.

Kwa akili mnemba, hakuna upande ulioibeba peke yake. Mafunzo ya mifumo hiyo ni aljebra ya matriki, takwimu na algoriti, na hapo sayansi ya kompyuta iko nyumbani. Lakini matriki hizo zinazidishwa kwenye chipu maalumu zinazokula umeme mwingi, na katika kazi nyingi kinachochelewesha ni kuhamisha data kati ya kumbukumbu na prosesa. Hilo ni tatizo la mhandisi.

Cheo nacho kina sheria zake. Katika nchi nyingi mtu hajiiti mhandisi kwa kupenda; ipo bodi inayosajili, na bodi inaangalia kama shahada ina ithibati ya uhandisi. Makubaliano ya Washington ya mwaka 1989 yanaziwezesha nchi wanachama kutambuliana shahada za uhandisi. Ya Seoul, ya mwaka 2008, yanafanya hivyo kwa shahada za kompyuta zisizo za uhandisi. Kama unataka kusaini michoro ya mitambo au kufanya kazi mahali panapodai usajili, uliza chuo swali moja lililonyooka: kozi hii ina ithibati ya nani, na inahusu wanafunzi walioanza mwaka gani? Jibu la "tuko mbioni kuipata" lihesabu kuwa ni hapana. Kama ndoto yako iko kwenye programu tu, suala hili huenda lisikuguse kabisa.

Ukishasoma mitaala na bado uko njia panda, tafuta chuo ambacho shahada zote mbili zina mwaka wa kwanza mmoja, na uulize kwa maandishi masharti ya kuhama: alama gani, nafasi ngapi, mpaka muhula wa ngapi. Vyuo vingine huruhusu kuhama kwa jina tu, kwa kuwa nafasi zenyewe zimeshajaa.

Wakati unasubiri, jaribu kwa mikono yako. Mwishoni mwa wiki moja azima bodi ndogo ya maikrokontrola na kitufe, uhesabu mabonyezo mpaka namba ikubali. Wiki inayofuata andika njia zile mbili za kupanga majina, uzipime kwa majina elfu moja, kisha elfu kumi, kisha laki moja, na ujaribu kueleza kwa maandishi kwa nini muda wa ile ya kwanza unapanda kwa kasi hiyo. Zote mbili zitakugomea, na zitagoma kwa tabia tofauti. Kosa la programu ya kupanga majina litakusubiri palepale ulipoliacha jana. Ukiliendesha tena litatokea vilevile. Kosa la kitufe laweza kupotea asubuhi na kurudi mchana kwa sababu waya umelegea au chumba kimepata joto. Miaka minne ijayo, usiku mwingi utautumia kuwinda mojawapo ya makosa hayo. Andika siku hiyohiyo ni lipi uliloamka nalo kichwani, kabla hujamuuliza mtu mwingine anaonaje.